Kinu cha Majina

Jumapili saa nane mchana, kabla taa za studio hazijawashwa, Tunu Mwasumbi alijikuta akijaribu kipaza sauti cha mshiriki. Haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza umati, lakini umati ungefika saa kumi, na fundi wa sauti alikuwa amekwenda kula.

Mshiriki alikuwa tayari kwenye kiti cha buluu katikati ya jukwaa. Aliitwa Atuganile, mwalimu wa darasa la nne kutoka Kyela. Alivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi vizuri na viatu vipya, na kiatu kimoja alikuwa ameshakivua chini ya meza.

"Sema chochote, mwalimu," Tunu alimwambia. "Salimia watu wa nyumbani."

"Chochote?"

"Chochote. Ukinyamaza, mashine inadhani umekufa."

Mwalimu alicheka. "Haya. Namsalimia binti yangu Sekela, aache kumaliza karanga za wageni. Namsalimia na babu yake Sekela."

"Babu anaitwa nani? Niandike chini ya picha yake kwenye skrini ya familia."

"Babu yake Sekela."

"Nilimaanisha jina lake hasa."

"Ndiyo hilo," mwalimu alisema kwa upole, kama anayemrudishia mtoto daftari lenye kosa dogo. "Andika Babu. Inatosha."

Tunu akaandika Babu, akafungua mawasiliano ya Kyela. Kwenye skrini kubwa ya ukutani ikatokea sebule yenye pazia la kijani, msichana wa miaka kama tisa akiwa na bakuli la karanga mapajani, na mzee aliyevaa koti zito, ameketi upande upande kana kwamba kamera ilikuwa inamtazama mtu mwingine.

"Shikamoo mzee. Mnanisikia?"

"Marahaba. Tunakusikia vizuri sana. Mimi ni Songwe, baba yake marehemu Ambokile. Mkwe wangu amekwisha kula?"

"Amekula, mzee. Naomba ugeuke kidogo tukuone uso."

"Mkwe wangu yupo hapo?"

"Yupo."

"Basi nitakaa hivi hivi."

"Babu hukaa hivyo hata tukila," Sekela alisema huku anatafuna. "Mama naye anakaa hivyo. Wanaongea na ukuta."

Mwalimu Atuganile, aliyekuwa akitazama sakafu tangu skrini ilipowaka, aliziba mdomo kwa kiganja asicheke. Tunu alizima sauti ya familia kama taratibu zilivyotaka, maana nyumbani waliruhusiwa kuona na kuonekana, si kusikika, mpaka mchezo uishe. Kisha akapanda ngazi kwenda kazini kwake.

*

Chumba cha msikilizaji kilikuwa juu ya studio, nyuma ya kioo kizito. Mlikuwa na kiti kimoja, skrini tatu na Kinu.

Kinu chenyewe hakikuwa na umbo. Kilikuwa programu, na watu walikiita hivyo kutokana na kazi yake: kilipokea kila neno ambalo watazamaji waliandika mtandaoni wakati kipindi cha Panda Daraja kikiwa hewani, maelfu kwa maelfu, kikayatwanga pamoja mpaka yakatoa kitu kimoja. Kitu hicho kilikuwa jina. Mshiriki alipomaliza, awe ameshinda au ameshindwa, Kinu kilipewa dakika moja na nusu. Kama watazamaji sita katika kila kumi walielekea upande mmoja, jina lilipatikana na kuingia kwenye bangili ya kitambulisho ya mshiriki, likakaa humo miaka saba. Kila mlango, kila duka, kila dirisha la zahanati lililosoma bangili hiyo lilitamka jina la kuzaliwa, kisha jina la umati.

Majina mengine yalikuwa baraka. Mzee mmoja wa Kondoa, aliyejibu maswali ya maneno magumu huku akicheka, aliitwa Babu Kamusi, na mpaka leo akiingia mkahawani watu wanampisha kiti. Lakini kulikuwa pia na muuza vitambaa wa Singida ambaye kwa woga alikuwa akisema "subirini" kabla ya kila jibu. Kinu kikamwita Bi. Subirini. Wateja walianza kumtania, na utani haukupata mwisho. Akitaja bei wanamwambia subirini. Akikata kitambaa wanamwambia subirini. Mwishowe alifunga duka. Tunu alijaribu kumpigia simu mara moja, hakupokea.

Chuoni, Tunu alikuwa ameandika tasnifu nzima akikitetea Kinu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiwa peke yake mtandaoni huwa mkali kwa sababu anataka asikike. Ukiwachanganya wote, tusi la huyu litamezwa na huruma ya yule, na kitakachobaki chini kitakuwa wema. Bado aliamini hivyo, ingawa siku hizi ilimbidi aamini kwa bidii zaidi.

Mbele yake kulikuwa na kitufe kimoja tu. Walikiita Pazia. Kikibonyezwa, Kinu kiliacha kupokea maneno kwa muda, na watazamaji waliona pazia jeupe likifunika hesabu ya majina. Kilikuwa kwa ajili ya mshiriki kuugua, mitambo kuharibika au usalama. Msikilizaji alitakiwa kuchagua mojawapo ya sababu hizo tatu, na baadaye kuitetea. Mbali na hapo, kanuni ya kwanza ya kazi ilisema msikilizaji haandiki neno. Anasikiliza.

*

Mpaka swali la tano, umati ulimpenda mwalimu.

"Kavua kiatu! Nimeona mguu!" mtu aliandika kutoka Tabora.

"Huyu ni mama yetu kabisa. Mama yangu kanisani hivyo hivyo."

"Mwalimu Peku!"

"Mwalimu Peku oyee!"

Tunu alitazama jina la Mwalimu Peku likipanda kwenye skrini ya kati, akatabasamu. Hilo lingekuwa jina zuri la kuishi nalo miaka saba. Watoto wangelicheka siku mbili, kisha wangelipenda.

Chini jukwaani mtangazaji, kijana mmoja wa Pemba aliyeitwa Salmini, alikuwa akiwakumbusha watu zawadi aliyoiomba mwalimu. Kila mshiriki aliomba kitu kimoja. Huyu aliomba darubini.

"Darubini ya nini, mwalimu?"

"Ya kuangalia miezi ya sayari ya Mshtarii. Nimewafundisha watoto kwamba ipo. Miaka kumi na mbili nawaambia ipo, ipo. Sasa nataka waone, wasije wakadhani ni mambo ya mwalimu tu."

Watu walicheka na kupiga makofi. Yalibaki maswali mawili, na kukosa hata moja kulitosha kumtoa mchezoni.

"Haya," Salmini alisema, akasoma kadi yake na kutikisa kichwa. "Mwalimu, hili nadhani waliotunga wamekuonea huruma. Mto gani, unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, ni mpaka kati ya Tanzania na Malawi?"

Umati ulilipuka kwa furaha kabla mwalimu hajafungua mdomo.

"La bure hilo!"

"Ameshaoga humo huyo."

"Darubini hiyoo, Kyela!"

Mwalimu alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Salmini alisubiri. Saa ya nusu dakika ilianza kuhesabu kurudi nyuma juu ya kichwa chake.

"Ni mto wa kwetu," mwalimu alisema. "Kutoka nyumbani hadi mtoni ni mwendo wa asubuhi. Umejikunja kunja sana, kila mvua kubwa unahama, leo shamba liko Tanzania, kesho liko Malawi. Ng'ambo kuna dada zangu wa tumbo moja wameolewa."

"Sawasawa kabisa. Na unaitwaje?"

Mwalimu aliinua macho kuelekea skrini ya ukutani. Mzee wa koti zito alikuwa bado amekaa upande upande.

"Ni huo tulioupita kila Krismasi," mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

"Jina, mwalimu. Nahitaji jina."

Kule Kyela, mzee alisimama. Hakumtazama mtu. Alisema kitu kwa Sekela, kitu ambacho hakikusikika kwa kuwa sauti ya familia ilikuwa imezimwa, akachukua fimbo yake na kutoka nje ya picha. Kiti kikabaki kitupu, mto wake umebonyea katikati.

Umati ulikuwa umeona.

"Hata mzee kaondoka kwa aibu!"

"Jamani babu wa watu."

"Mto wa kwao haujui, wa jirani je?"

"Na ndiye anayefundisha watoto wetu. Tumekwisha."

Mwalimu alikitazama kile kiti kitupu. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kisha akaiweka mikono yake miwili mezani, akanyamaza, na akabaki amenyamaza mpaka saa ikalia.

"Ni mto Songwe," Salmini alisema polepole, na hata yeye hakuweza kuficha mshangao. "Mto Songwe, mwalimu."

Juu, nyuma ya kioo, Tunu aliweka kikombe chake chini.

*

Mama yake Tunu, aliyekuwa akiishi Uyole, hakuwahi kulitaja neno Jumanne. Si kwamba aliichukia siku hiyo. Baba mkwe wake aliitwa Jumanne, na mwanamke wa kwao hatamki jina la baba mkwe wake, hata likiwa jina la siku ya soko. Kwa hiyo aliiita kesho ya Jumatatu. "Kesho ya Jumatatu tuna kikao cha shule." "Dawa unamaliza kesho ya Jumatatu." Tunu alipokuwa mdogo alimsahihisha mbele ya rafiki zake, Jumanne mama, sema Jumanne, na rafiki zake walianguka kwa kicheko. Babu alikufa Tunu akiwa kidato cha pili. Mama hakubadilika.

Sasa Tunu aliona yote kwa mara moja: Babu yake Sekela, mzee anayeongea na ukuta, na kile kiti. Mzee hakuondoka kwa aibu. Alielewa kabla ya watu wote kwamba mkwe wake amenaswa, na kwa kuwa hakuwa na sauti ya kumwambia lolote, alifanya kile alichoweza. Alitoka ili asiwepo. Alimfungulia njia ya kusema.

Na mwalimu alikataa kuipita.

Kwenye skrini ya kati, jina la Mwalimu Peku lilikuwa limezama. Mahali pake mtu mmoja wa Mwanza, mwenye akili nyepesi na ulimi mkali, alikuwa ameandika maneno mawili: Mwalimu Ukame. Mwalimu wa Kyela, mahali pa mvua na mito, ambaye mto umemkaukia kichwani. Hata Tunu alitambua kwamba ni utani mzuri, na ndiyo maana uliogopesha. Thelathini na moja kwa mia. Arobaini.

Alimfikiria mwalimu akiingia darasani Jumatatu asubuhi. Mlango wa darasa ungesoma bangili yake mbele ya watoto arobaini na kumtangaza. Ungemtangaza kesho yake pia, na mwaka kesho, mpaka Sekela afike kidato cha nne.

Hamsini na mbili. Hamsini na saba.

Tunu alibonyeza Pazia.

Weupe ulishuka juu ya hesabu. Skrini ikamtaka achague sababu. Hakukuwa na sababu iliyofanana na hii. Alichagua *mitambo kuharibika*, na moyoni hakuona kama ni uongo.

"Tunu." Ilikuwa sauti ya Bwana Shemdoe, mkurugenzi wa kipindi, kwenye sikio lake. "Kuna nini? Mitambo yote ni kijani huku."

"Bosi, mwalimu analijua jibu. Songwe ni jina la baba mkwe wake. Hawezi kulitamka. Ni heshima ya kwao, bosi, nimekulia humo."

"Una uhakika?"

"Nilizungumza na mzee mwenyewe mchana. Alijitambulisha."

"Basi pole yake," Bwana Shemdoe alisema, na alisikika kama aliyemaanisha. "Lakini jibu halikutolewa. Fungua Pazia."

"Sipingi jibu. Napinga jina. Watu hawajui wanachokicheka. Tuwaambie tu, bosi. Salmini aseme sentensi moja."

"Tukianza kuwaambia watu namna ya kumwona mshiriki, lile jina litakuwa letu, si lao. Wiki ijayo waziri atatuma mpwa wake hapa na kutuomba sentensi moja. Wewe ndiye uliyeandika hayo kwenye tasnifu yako, binti. Niliisoma. Ndiyo maana nilikuajiri."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameyaandika, na bado hakuona kosa ndani yake. Watu walikuwa na haki ya kusema walichokiona, na yeye hakuchaguliwa na mtu yeyote kuwa mlango wa midomo yao. Lakini walichokiona kilikuwa nusu, na nusu ya pili alikuwa nayo yeye peke yake, amekaa nayo kwenye kiti kizuri nyuma ya kioo. Alijiuliza kama kusikiliza bado ni kusikiliza pale unapojua na huongei.

"Pazia, Tunu. Sasa hivi."

"Nafungua, bosi."

Alifungua. Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini za Kinu. Kisha akavuta bangili yake mwenyewe, akaingia mtandaoni kama mtazamaji yeyote, na alama ndogo ya *Mtumishi* ikajibandika kando ya jina lake bila yeye kuulizwa. Aliandika haraka, bila kurudia kusoma:

"Mimi ndiye msikilizaji wa Kinu. Siruhusiwi kuandika hapa. Mwalimu hakusahau. Jina la mto ule ndilo jina la baba mkwe wake, na kwao mke hatamki jina la baba mkwe. Mzee hakuondoka kwa aibu. Aliondoka ili mkwe wake apate kusema, ashinde. Mwalimu akaona bora akose darubini. Mama yangu hajawahi kutamka Jumanne maisha yake yote. Sasa mnajua. Semeni mnavyotaka."

Akatuma. Lilikuwa neno la mtu mmoja kati ya laki kadhaa, na Kinu kilipima uzito wake kama lilivyo: mtu mmoja.

Kwa muda halikufanya kitu. Mwalimu Ukame alifika hamsini na nane. Kisha maneno yakaanza kugongana.

"We mtumishi umelipwa shilingi ngapi?"

"Subiri, ni kweli. Bibi yangu wa Tukuyu alikuwa hivyo."

"Mila gani hizo karne hii? Angesema tu, mzee asingekufa."

"Mke wangu anaita sukari 'ya chai' miaka ishirini. Nilidhani ni madoido tu. LEO ndiyo najua. Ngoja nimuulize."

"Nimemuuliza. Kanitazama tu."

"Kumbe mzee alitoka ili... jamani nimelia kwenye foleni ya daladala."

"Heshima haikupi darubini. Ukame ni Ukame."

"Kwetu Upare bibi yangu hakumtaja shemeji yake mkubwa mpaka anazikwa."

"Bi. Pazia kavunja kanuni, afukuzwe."

"Bi. Pazia oyee!"

"Afukuzwe kisha apewe maua."

Hawakupatana. Walibishana vikali na baadhi walitukanana, na tusi la huyu halikumezwa na huruma ya yule kama Tunu alivyoandika chuoni. Vilisimama vyote viwili, vikitazamana. Lakini havikuelekea tena upande mmoja. Muda ulipokwisha, Mwalimu Ukame alikuwa na thelathini na nane, na Mwalimu Peku alikuwa amefufuka hadi ishirini na tisa. Skrini ikaandika maneno ambayo Tunu hakuwahi kuyaona tangu aajiriwe: *Jina halikupatikana.*

Chini yake ukatokea mstari wa pili. Kinu hakikubagua kati ya mshiriki na mtumishi. Kilimpima yeyote aliyesemwa sana ndani ya kipindi. *Tunu Mwasumbi: Bi. Pazia. Sitini na tatu kwa mia.*

Bangili ilitetemeka mara moja mkononi mwake.

*

Walikutana kwenye ujia, nje ya chumba cha vipodozi. Mwalimu Atuganile alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema. Alikuwa ameonyeshwa.

"Mimi, mwalimu."

"Umemtangaza baba mkwe wangu nchi nzima."

Tunu hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. "Nisamehe. Nilitaka tu..."

"Sijasema ni vibaya. Wewe si mkwe wake, mdomo wako hauna kizuizi." Mwalimu aliegemea ukuta na kusugua kisigino. "Lakini huko nyumbani sasa majirani watajaa uani wakitaka kumwona. Naye hapendi wageni, anapenda redio yake."

"Ulitaka kulitamka?"

Mwalimu alifikiri. "Alipotoka, nilitaka. Neno lilikuwa limeshafika hapa." Aligusa koo. "Nikasema, hayupo, hasikii. Kisha nikaona kile kiti. Ambokile alipofariki, ndugu walisema nirudi kwetu. Mzee akasema mkwe wake haendi popote, akanipa chumba kikubwa, yeye akahamia cha uani. Sasa mtu kama huyo anatoka nyumbani kwake mwenyewe, sebuleni kwake, kwa sababu yangu, halafu mimi nitumie nafasi hiyo?" Akatikisa kichwa. "Miezi ya Mshtarii haikimbii. Ipo tu."

"Watoto wataamini?"

"Watoto watauliza kwa nini sikuandika jibu ubaoni. Mmoja lazima ataniuliza hivyo. Nitamjibu kwamba mliniwekea meza bila chaki."

Tunu alicheka, kisha akaacha, kwa sababu lilikuwa jambo dogo sana na hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kulifikiria. Kipindi kilipokea sauti tu. Hakikujua kwamba kuna watu wanaojua kitu na wasiweze kukipitisha mdomoni. Alilihifadhi neno hilo kichwani. Angelihitaji.

"Ndaga, mwanangu," mwalimu alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo, kama anayemshukuru mkubwa wake. Kisha akaenda pekupeku kulitafuta gari la wageni.

Bwana Shemdoe alikuwa ameacha ujumbe mfupi, usio na hasira. Kamati ya maadili ingekaa Jumanne saa tatu asubuhi. Aje na maelezo kuhusu kitufe, na kuhusu yale aliyoandika. Mwishoni aliongeza: *Mama yangu pia ana maneno yake. Hilo halibadilishi kitu.*

Mlango mkubwa ulisoma bangili yake. "Kwaheri, Tunu Mwasumbi, Bi. Pazia," ulisema, kwa sauti ile ile tamu ya kila siku. Walinzi wawili waligeuka kumtazama. Mmoja alicheka. Mwingine alivua kofia, na Tunu hakuweza kujua kama naye anatania.

Alipofika kwenye benchi la nje, chini ya turubai, simu ilikuwa ikiita.

"Nimekuona," mama yake alisema kutoka Uyole. "Mama Gwantwa alikuja mbio na kanga moja kunionyesha. Umeniweka mimi humo."

"Nimekuweka, mama. Umekasirika?"

"Umesema ukweli, nikasirike nini? Ila umeandika kwa kukatakata, kama umekimbizwa." Tunu alisikia kuku wa jirani nyuma yake. "Wamekufukuza?"

"Bado. Wameniita kwenye kamati. Kuna mawili: nitoke, au nibaki kazini. Jina hili ninalo kwa vyovyote."

"Na wewe unataka lipi?"

"Nataka kubaki. Nataka niwaambie waweke ubao pale mezani. Na msikilizaji aruhusiwe kusema anachokijua, kwa jina lake, kama mtu yeyote. Sijui kama watanisikiliza."

"Basi nakuja. Siwezi kukuacha ukae mbele ya watu wazima peke yako. Nitapanda treni ya asubuhi. Kamati ni lini?"

"Jumanne, saa tatu."

"Kesho ya Jumatatu," mama yake alisahihisha.

Tunu alitazama bangili yake, kisha mlango wa kioo wa studio, uliokuwa ukimwita mtu mwingine kwa majina yake mawili.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kesho ya Jumatatu."